Uzito wa Gari Tupu

Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye kibanda cha mizani
pale Kakira, lango la kiwanda,
nikipima miwa.
Trekta linaingia limejaa, naandika.
Linatoka tupu, naandika.
Natoa hiki katika kile, kinachobaki ndicho muwa,
na muwa ndio fedha, wala hakuna ugomvi.

Sasa Sista Kagoya ananipandisha juu ya mizani yake
nyembamba kama sinia,
anainama, anasoma: mia moja na nne.
Nikamuuliza, na gari lenyewe je?
Gari tupu lina kilo ngapi, ili tuujue mzigo?
Akacheka mpaka akashika meza.
Kisha hakucheka.
"Mzee Okethwengu, vijiko vingapi?"
Vinne, nikasema. Kikombe cha asubuhi.
Vya vikombe vingine sikuvihesabu.
Mimi, niliyemkamata dereva kwa kilo arobaini za mawe,
sikuvihesabu.

Akaniandikia jina la vidonge, nikavifuata Jinja.
Kikopo kidogo; ukikibonyeza kinatema kimoja,
cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama.
Hiki ndicho vijiko viwili? Hiki?
Ningalikuwa kibandani ningalikirudisha langoni:
wizi mtupu, mzigo haupo.

Berocan hakusema kitu siku ya kwanza.
Alitazama tu gunia lililo konani,
sukari ya kiwanda, tuliyokuwa tukipewa juu ya mshahara,
ile aliyokuwa akimpelekea mama yangu Nebbi,
basi usiku kucha, ameipakata asilale.
Kwetu mgeni hutiliwa mpaka kijiko kisimame.
Siku ya pili akauliza,
"Kwa hiyo sasa nyumba hii
tumwambie nani karibu?"

Ladha yake? Sitasema uongo.
Utamu unatangulia, una haraka,
halafu nyuma kinabaki kitu kama chuma,
kama umeshika funguo kwa meno.
Ocamgiu, niliyekata naye miwa kabla sijapewa kalamu,
alionja, akatema nje ya mlango.
"Umeusaliti muwa," akasema,
yeye ambaye kidole chake kimoja kilibaki shambani.

Na kidonge hakina miujiza. Sista alinionya:
hakipunguzi kitu, kinaacha tu kuongeza.
Mimi nikasikia ruhusa.
Mwezi mzima nikanywa chai ya kidonge
na roleksi mbili, mayai manne, mafuta yakishuka kiwikoni,
nikarudi zahanati: mia moja na tano.
Hakugomba. Aliandika.
Naujua mwandiko huo,
ni wa karani aliyeona mawe chini ya miwa.

Basi nikahesabu.
Roleksi Jumamosi, moja. Ugali nusu ya ule wa jana.
Kwa miguu hadi Wairaka na kurudi,
malori ya miwa yakinipita, yakinipigia honi kwa jina.
Usiku harufu ya molasi iliingia dirishani bila hodi
nikageukia ukutani.

Mwezi wa tano: tisini na tisa.
Nikapita kibandani kwa kijana aliyerithi kiti changu,
nikasimama katikati ya daraja la mizani, peke yangu, viatu mkononi.
"Mia," akasoma.
Tisini na tisa, nikamwambia. Ilikuwa mia na tano.
"Mzee, umesahau? Hii inahesabu ishirini ishirini.
Hata ungekuja na ile ya zamani
ingekuambia mia vilevile."

Nilikuwa nimesahau.

Jioni Berocan akachukua mshipi wangu,
akatia msumari makaani, akatoboa tundu jipya
ndani zaidi ya lile la mwisho.
Hakuniuliza namba.
Kisha akamimina chai, akabonyeza kikopo, mara moja,
akachukua kijiko,
na mpaka sasa anakoroga,
anakoroga kama zamani, polepole, bila kubakiza,
na chini ya kikombe hakuna cha kuyeyuka.